Mwaka Niliovaa Nguo Zangu Mwenyewe

Kisiwani kwetu huwezi kujifunika shuka ukajiita mzuka. Shuka lako watu wanalijua. Wameliona kwenye kamba kila Jumatatu miaka nenda miaka rudi, wanajua kona ipi ina kiraka na nani alimwaga chai upande wa miguuni. Tuko watu mia moja hamsini na mmoja, kondoo hatuwahesabu, na upepo wa huku hauachi nguo ya mtu ikae faragha. Kwa hiyo ukitaka kujibadilisha usiku wa Halloween, mkesha wa Watakatifu Wote, kazi ya kwanza si kushona. Kazi ya kwanza ni kupata kitambaa ambacho hakuna jirani aliyewahi kukitia machoni.

Kwetu Halloween si ya watoto peke yao. Watoto wanapita alasiri, wanapewa karanga, tufaha na peremende, wanarudi makwao kuumwa matumbo. Jioni ni zamu ya watu wazima. Tunajifunika kuanzia utosini hadi kwenye kucha, tunakwenda baa kwa Beairtle, na hakuna anayefungua mdomo, maana ukitoa sauti umejitaja. Bia tunainywa kwa mrija chini ya kitambaa. Wasiovaa mwaka huo, kwa uzee au kwa uvivu, wanakaa kwenye mabenchi ya ukutani na kazi yao ni kutambua. Ukidhani umemjua mtu, unasimama mbele yake na kulitaja jina lake kwa sauti. Ukipatia, anafunua uso, baa nzima inapiga makofi, na tangu hapo ana ruhusa ya kusema. Saa tatu Beairtle anagonga kengele na waliobaki wanajifunua wenyewe.

Mimi nilikuwa nimejifunua mwenyewe mara ishirini na tatu. Mwaka wa kwanza nilikuwa bibi harusi wa miezi minne kutoka bara. Nilivaa ngozi mbili za kondoo na ndoo kichwani, nikakaa mpaka kengele, nikajiona bingwa. Macdara, mume wangu, alinibusu mbele za watu akasema, "Umewashinda wote!" Mwaka wa tano nikaanza kushuku. Mwaka wa kumi nikajua. Hawakuwa wameshindwa kunitambua, hawakuwa wamejaribu. Walikuwa wakiwahesabu watu wao, na wao wakishatimia wanaanza kutazama saa.

Huku mtu anaitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, mpaka ukimaliza kumwita ameshapita. Mwanamke aliyeolewa kutoka bara anaitwa mke wa fulani, basi. Nilikuwa mke wa Macdara. Macdara alipofariki, miaka miwili iliyopita, nikawa mjane wa Macdara. Na dukani kwa jirani yangu Nainsí nikabaki kuwa vile nilivyokuwa tangu siku niliyoshuka kwenye feri. "Haya, wa bara, leo nini?" Jina langu ni Philomena. Naliandika hapa angalau lionekane mahali.

Mwezi wa tisa dada yangu Assumpta aliniandikia barua kutoka bara. Chumba kipo, alisema, kina dirisha la bustani, na kanisa liko hatua mia. Utakaa huko kwenye mawe na nani? Alitaka jibu mara baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, kwa sababu kama siendi kuna mwalimu wa huko anakililia chumba hicho. Nililala na barua ile chini ya mto wiki tano. Halafu nikaweka nadhiri, na mimi nikiweka nadhiri siitengui. Mtu mmoja, mmoja tu, akilitaja jina langu kabla ya kengele ya Halloween, nabaki. Asipotokea hata mmoja, Jumamosi napanda feri, na kuku wangu nampa padri.

Lakini sikutaka kushindwa bure. Nikajiuliza nitawarahisishia vipi watu hawa wenye macho ya kuona doa la chai kwenye shuka umbali wa nusu maili na wasio na macho ya kuniona mimi. Jibu lilinijia nikiwa bandani nawarushia kuku mahindi. Nitakwenda kama nilivyo. Koti langu la kijani, ambalo nimelivaa kila siku ya mvua, yaani kila siku. Aproni yangu ya miraba. Viatu vyangu vya mpira vyenye kiraka chekundu cha tairi ya baiskeli. Ndoo yangu ya kuku mkononi. Usoni, kwa kuwa sheria ni sheria, foronya nyeupe yenye matundu mawili, na juu ya foronya miwani yangu. Nikajisemea, Philomena, wasipokujua hivi, hata ukifa watamzika mtu mwingine.

Alasiri ya siku yenyewe walikuja watoto saba wa shule kutengenezewa nguo, kama kila mwaka. Hilo nalo nilikuwa nimelianzisha mimi, na sidhani kama kuna aliyekumbuka. Huku hakuna nyumba isiyo na miavuli iliyovunjwa na upepo, na mwavuli mbovu ni popo aliyelala. Unaukata katikati, unashona kila nusu chini ya mkono wa sweta, mtoto akinyanyua mikono, mbawa hizo. Mfuko wa mbolea ukiutoboa pande tatu na kuujaza nyasi kavu unapata mdudu mnono. Shuka lililochakaa, likichanwa vipande vyembamba na kulowekwa kwenye chai, linatoa maiti wa zamani wa kupendeza. Waliondoka popo wanne, wadudu wawili na maiti mmoja anayelia kwa sababu alitaka kuwa popo.

Walipoondoka nilichonga taa. Kwingine wanachonga maboga, ambayo ni kazi ya watu wavivu. Sisi tunachonga tanipu, na tanipu ni jiwe lililojifanya mboga. Nilivunja kijiko kimoja na kutamka maneno ambayo padri asingependa kuyasikia, lakini nilipata uso mmoja mdogo wenye meno mawili na hasira nyingi. Nikauwekea mshumaa ndani na kuutundika kwenye kipande cha kamba.

Kisha nikaoka mkate wa zabibu. Kila Halloween mkate wa baa naoka mimi, wa duara, mpana kama sinia, umejaa zabibu zilizolala usiku kucha kwenye chai na wiski. Ndani yake mnakwenda pete ya bati. Atakayeipata kwenye kipande chake ataoa au ataolewa kabla ya mwaka kwisha, ndivyo wasemavyo. Na hapa lazima nikiri jambo.

Miaka kumi na miwili iliyopita pete ile ilimwangukia Nainsí. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, hajaolewa, ana duka, ana ulimi unaoweza kukata jibini. Cóilín, yule anayefunga kamba za feri gatini, alipiga goti mbele yake, akamvisha pete kwenye kidole gumba na kuuliza kama mahari ni gunia la unga au mawili. Baa nzima ilicheka. Nainsí alicheka kuliko wote. Baadaye nilitoka nje kutupa maganda, nikamkuta nyuma ya mapipa anajifuta uso kwa ukingo wa sketi. Hakuniona. Sikumwambia mtu, hata Macdara.

Tangu mwaka ule mkate wangu una siri. Juu ya mahali pete ilipo nabonyeza uma mara tatu, kidogo tu, mwingine angedhani ni kasoro ya kuoka. Vipande vinapangwa kwenye sinia, sinia nalizungusha mimi mwenyewe, na kila mtu anachukua kipande kilichomwelekea. Kuchagua ni mwiko. Kwa hiyo nikimfikia Nainsí, kama alama imemwelekea, nalisukuma sinia kwa vidole viwili likageuka kidogo, na pete inampita. Mara nyingi inaishia kwa Cóilín. Ameshaipata mara nne, na anastahili.

Saa kumi na moja nilimpelekea Beairtle mkate. Saa moja nilivaa nguo zangu za kila siku, nikavaa foronya, nikachukua ndoo na taa ya tanipu, nikatoka.

Baa ilikuwa imejaa. Kulikuwa na bibi harusi wa futi sita aliyejifunga pazia la shashi. Kulikuwa na lundo la nyasi limekaa kwenye kiti pembeni, likinywa. Kulikuwa na watu watatu ndani ya tanga moja la mashua, wakigombana kimyakimya nani atangulie. Nikaingia na kusimama katikati ya sakafu na ndoo yangu.

Baa nzima iligeuka. Halafu ikaangua kicheko, kicheko ambacho sijakisikia tangu paa la mwenyekiti wa kisiwa lilipoondoka na upepo.

"Aaah! Huyo kamaliza kazi!" alipiga kelele Beairtle, mwenye baa, akiwa nyuma ya kaunta. Ni mtu mnene mwenye sauti ya kutangazia mnada. "Jamani, tazameni! Kaja kama mjane wa Macdara!"

"Hata koti kalipata!" mwingine akasema. "Kaliiba wapi?"

"Na viatu! Hata kiraka hakukisahau!"

Niliganda pale. Sikuwa nimeliwazia hilo. Katika kisiwa chetu, usiku wa Halloween, aliyevaa kondoo si kondoo na aliyevaa bibi harusi si bibi harusi. Mtu anayefanana nami kwa kila kitu anaweza kuwa nani mwingine? Yeyote, ila mimi. Nilikuwa nimejificha kuliko nilivyowahi kujificha maishani mwangu.

Bibi harusi wa futi sita alikuwa ameshamaliza bia ya tatu kwa mrija, na robo saa ilikuwa haijapita. Nainsí, kutoka benchi la ukutani, hakujisumbua hata kunyanyuka vizuri. "Cóilín," alisema. "Kisiwa hiki hakina kiu nyingine kama hiyo." Shashi ikafunuliwa, ukatokea uso mwekundu wa Cóilín, watu wakapiga makofi. Kwa kuwa sasa alikuwa na ruhusa ya kusema, aliitumia yote kwangu.

"Hebu zunguka, mama," aliniambia. "Zunguka tukuone. Aa, umejitahidi, lakini unatembea vibaya. Philomena hatembei hivyo."

Philomena. Nilidhani nimesikia vibaya. Alilitaja kama mtu anavyotaja chumvi.

"Anatembeaje?" akauliza Beairtle.

"Anaegemea kushoto, kama amebeba ndoo. Hata siku asiyobeba ndoo! Hivi." Cóilín akanyanyua shashi yake na kuvuka baa kwa hatua fupifupi, bega moja juu, na baa nzima ikapiga meza. Nilitaka kumwambia ni mwongo. Halafu nikakumbuka maumivu ya nyonga yangu ya kulia, nikanyamaza, na kwa vyovyote sikuwa na ruhusa ya kusema.

"Na kabla ya kutoka nje anatazama juu," alisema mzee mmoja wa benchi la mlangoni. "Kila mara. Kama kuna mtu huko anamdai jibu."

"Akifikiri anagusa kidevu!"

"Na kupenga je? Mmesahau kupenga?" Cóilín alishika kifua. "Haki ya Mungu, siku nyingine naisikia feri inakaribia, nakimbia na kamba mpaka gatini, nafika hakuna feri. Ni Philomena ana mafua!"

"Kuku wake anawaambia 'tafadhali'," alisema Beairtle. "Nimemsikia kwa masikio yangu. 'Sogea kidogo, tafadhali.' Kuku!"

"Macdara alipokuwa anaumwa," alisema yule mzee wa mlangoni, "alikuwa anamwimbia dirishani akidhani hatusikii. Sauti mbovu kweli. Nilikuwa nazima redio nimsikilize."

Halafu Cóilín akasema, "Haya, wewe uliyemo ndani, fanya basi! Egemea kushoto!"

Nikaegemea kushoto. Nifanye nini? Nikatembea kama mimi, mbele ya watu wanaonifundisha kutembea kama mimi. "Zaidi!" wakasema. Nikaegemea zaidi. "Gusa kidevu!" Nikagusa kidevu. "Sasa umempata!" alipiga kelele Beairtle. "Sasa ndiye hasa!" Ndani ya foronya nilikuwa nalia na kucheka, miwani inapata ukungu, na moyoni nilikuwa na hasira, nikiwaambia: washenzi nyie, miaka ishirini na tatu mmenitazama hivi na hamkuniambia!

Lakini nadhiri ilikuwa nadhiri. Jina langu nilikuwa nimelisikia mara tisa usiku ule, nilihesabu, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Walikuwa wakimtaja Philomena kama mtu asiyekuwepo. Walipojaribu kunitambua, walitaja kila mtu mwingine.

"Treasa, mke wa mwalimu!" Nikatikisa kichwa.

"Dada yake Treasa!" Nikatikisa kichwa.

"Ni padri!" alisema Cóilín. "Tazameni miguu hiyo, ni padri!" Lundo la nyasi pembeni likakohoa, na Nainsí akasema bila hata kugeuka, "Padri yuko pale kwenye nyasi." Padri akafunua uso, akiwa na majani kwenye nyusi, akapigiwa makofi.

Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Saa mbili na nusu. Saa tatu kasorobo. Waliokuwa kwenye tanga, Treasa mmojawao, walitajwa wote watatu kwa mpigo. Mmoja baada ya mwingine walijifunua, wakawa na majina, wakakaa. Nikabaki mimi tu nimesimama. Nilianza kuwaza masanduku. Lile la kahawia lina kufuli bovu. Picha ya Macdara nitaifunga ndani ya aproni.

"Na mwenyewe hajafika!" Beairtle aligundua ghafla. "Mkate wake umefika, yeye hajafika. Anaumwa?"

"Mwache, labda anawabembeleza kuku," alisema Cóilín. "Mimi nina njaa. Huyu hapa si anajifanya Philomena? Basi akate mkate! Akate kama Philomena anavyokata, tuone!"

Wazo hilo lilipokewa kwa makofi. Mkate ukaletwa, wangu mwenyewe, bado unanukia wiski. Nikapewa kisu. Nikakata kama ninavyokata, na hapo hakuna aliyenikosoa, maana wote walikuwa wanatazama mkate. Nikapanga vipande kwenye sinia. Alama tatu za uma zilikuwa mahali pake. Nikaanzia benchi la mlangoni, kama desturi, nikizunguka taratibu. Mzee akachukua. Treasa akachukua. Nikamfikia Nainsí.

Alama ilikuwa imemwelekea yeye moja kwa moja. Sikufikiri chochote. Naapa sikufikiri, nilikuwa nawaza masanduku. Vidole viwili vikasukuma ukingo wa sinia, likageuka kidogo, na alama tatu zikasogea kando.

Nainsí hakuchukua kipande. Alivitazama vidole vyangu, halafu akainua macho kwenye miwani yangu yenye ukungu. Akaweka glasi chini. Akasimama, na yeye kusimama si jambo dogo, magoti yake yanapiga kelele kama mlango wa ghala.

"Philomena," alisema.

"Ndiyo, tunajua ni Philomena!" alisema Cóilín kwa hasira ya njaa. "Tunauliza ndani yake ni nani!"

"Ndani yake ni Philomena."

"Nainsí, hebu—"

"Funga mdomo wako, Cóilín." Hakuondoa macho kwangu. Alilitaja tena, kwa sauti kamili kama sheria inavyotaka, akaniongezea na cha ziada. "Philomena, wa Macdara, wa mlango wa pili kutoka kwangu. Vua hiyo foronya kabla hujakosa pumzi."

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa tatu kasoro dakika nne. Nilivua foronya. Nywele zilikuwa zimesimama, pua nyekundu, machozi mpaka shingoni, na kwa kuwa sikuwa na kitambaa nilipenga kwenye foronya. Pua ililia kama feri, vile vile alivyosema Cóilín. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wananitazama mdomo wazi, na nadhani kila mmoja alikuwa anakumbuka alichosema.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Cóilín. "Huu ni wizi!" alisema. "Kuja kama wewe mwenyewe! Huo ni wizi kabisa!"

Basi ikazuka vita. Wapo waliosema hakuna sheria inayokataza mtu kuja kama alivyo. Wapo waliosema hakuna sheria kwa sababu hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kufikiri kufanya upuuzi huo. Padri aliulizwa maoni yake kama msomi, akasema Kanisa halina msimamo. Beairtle alisahau kugonga kengele. Mzee wa mlangoni alitaka kujua kama nilikuwa nimesikia yote waliyosema, nikamwambia yote, na kwamba sauti yangu si mbovu, na akasema ni mbovu lakini niendelee. Katikati ya kelele sinia lilimfikia Cóilín, akang'ata kipande chake na kuitoa pete mdomoni kwa mara ya tano. Akailaani, lakini kwa heshima, kwa sababu padri alikuwa karibu.

Mwishowe hukumu ilitolewa. Nimekosa, kwa kura thelathini na moja dhidi ya tano. Faini yangu ni kwamba mwakani nitakuja nimevaa atakachochagua Cóilín, na Cóilín amechagua sili, yule mnyama wa baharini, mwenye mkia. Nimeshaanza kutafuta mipira ya magurudumu.

Tulirudi pamoja, mimi na Nainsí, maana njia ni moja. Upepo ulikuwa umetulia kidogo. Taa yangu ya tanipu ilikuwa inanuka kama supu iliyoungua, na ilitutosha sote wawili. Tulitembea mpaka karibu na ukuta wa kanisa bila neno, na kwa Nainsí hiyo ni safari ndefu.

"Miaka kumi na miwili," alisema hatimaye. "Ulidhani mimi kipofu? Sinia likifika kwangu linageuka. Kila mwaka. Kwanza nikadhani mkono wako unatetemeka. Halafu nikaona kwa mwingine haligeuki."

"Nilikuona nyuma ya mapipa," nilisema. "Ule mwaka."

"Najua uliniona. Kwa nini hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Wewe hata jina langu hulitaji. Miaka yote ni wa bara, wa bara."

Nainsí alisimama. Alinimulika uso kwa taa yangu mwenyewe. "Wewe nawe! Nimekuita wa bara miaka ishirini na tatu. Unadhani mtu nisiyempenda ningempa jina?"

Nikagusa kidevu, nikajikuta nimekigusa, nikashusha mkono haraka. Yeye alicheka mpaka magoti yakalia.

Tulifika mlangoni kwake. Alitafuta ufunguo muda mrefu, kwenye mfuko ambamo najua hamkai ufunguo.

"Philomena," alisema, akiwa amenipa mgongo. "Mwakani usinigeuzie sinia."

"Mwakani?"

"Ndiyo, mwakani. Sijui kama kisiwa hiki kina mwokaji mwingine."

"Kuna mtu, Nainsí?"

"Nimesema kuna mtu? Nimesema usinigeuzie. Na yule Cóilín mpumzishe na hiyo pete, ameipata mara tano na bado hajapata akili ya kuja dukani kuuliza." Akaingia na kufunga mlango kwa kishindo. Halafu akaufungua tena kidogo. "Usiku mwema, wa bara."

Nilipofika nyumbani sikulala. Niliwaambia kuku wasogee, tafadhali, nikakaa jikoni na kalamu. Assumpta anapenda barua ndefu, lakini hii ilikuwa fupi. Nilimwambia ampe mwalimu chumba. Nilimwambia siwezi kuja kwa sababu nimehukumiwa, na adhabu yangu inaanza mwakani, na juu ya hiyo kuna mkate lazima niuoke vizuri.